Hewa ya Zizini kwa Bibi Noreen

Kila nikikaa kijiweni Ngamiani kunywa kahawa, swali ni lile lile: ati ni kweli, Shabani, Wazungu walikuwa wanakulipa kunusa mavi ya ng'ombe? Nikijibu ndiyo, mnacheka. Nikijibu hapana, mnasema naficha. Basi nimeona niandike, kila mtu asome kwa nafasi yake. Habari za viza, tiketi na fomu sitazigusa, maana zilinichosha mara moja na sioni sababu ziwachoshe na ninyi.

Tanga mpaka Ingleburn, kwa kupitia pasipo njia

Mnanijua. Tangu nimalize kidato cha nne miguu yangu haikubali mahali. Nimekaa Mombasa, nimekaa Mtwara, nimekaa Maskati, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka. Ugonjwa huo sijaupatia dawa. Nilipokwenda Sydney nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na kazi yangu ya mwisho hapa Tanga ilikuwa kupokea maziwa ya wafugaji kiwandani. Unatumbukiza kipimo, unasoma, unamtazama mwenye maziwa usoni, naye anajua kama umeyaona maji.

Ndege ya Dar ilichelewa kuondoka, kwa hiyo tulipofika Doha ile ya Sydney ilikuwa imekwenda zake. Nikakaa pale kwa muda wa saa kumi na moja. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Kifilipino anayetunza wazee huko Sydney. Alinipa mayai mawili ya kuchemsha, nikampa kashata, na baada ya hapo tukawa ndugu. Yeye ndiye aliyenionya: "Ukifika usifiche chakula. Andika kila kitu, hata punje ya pilipili. Pale wanasamehe ujinga, hawasamehi siri."

Nikaandika kila kitu: dagaa, achari ya embe, kashata zilizobaki, na kopo la udi alioupika dada yangu Mwanahawa kwa sukari na marashi. Afisa aliyenipokea alikuwa mama mmoja mwenye glavu. Akafungua kopo la udi.

"Hiki kinaliwa?"

"Hapana. Kinachomwa."

"Unakivuta?"

"Mimi sivuti. Nguo ndizo zinavuta."

Akanitazama vizuri. Nikamweleza chetezo ni nini, kaa linawekwaje, na shati linavyotandazwa juu mpaka liingiwe na harufu. Akanusa, akamwita mwenzake, naye akanusa, wakazungumza. Mwisho dagaa wakaenda kwenye pipa, achari ikafuata, udi nikarudishiwa. Niliondoka nikiwalilia dagaa.

Nje nikaambiwa treni moja tu inanifikisha Ingleburn, kitongoji nilichokuwa nakwenda. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumamosi na reli inatengenezwa, kuna mabasi badala yake. Basi likanishusha kituo kikubwa mjini, nikapanda treni ambayo haikuwa yangu, ikanitua Lidcombe. Pale njia za reli zinakutana kama nywele za ukili, na kila mtu anajua pa kusimama isipokuwa wewe. Nikakaa kwenye benchi na begi langu. Mama mmoja wa Kikorea akaniuliza naenda wapi, nikamwonyesha karatasi. Akanipeleka mwenyewe mpaka jukwaa lingine, na kabla ya kuondoka akanipa kipande cha wali uliofungwa kwa majani ya baharini. Nikamuuliza kama kuna nyama ndani. Alidhani nasema hakijanitosha, akaongeza cha pili. Nilikula vyote viwili kwa bismillahi na kwa aibu.

Ingleburn nilipokelewa na Papa Espoir, Mkongomani wa Bukavu, rafiki wa rafiki, ambaye alikuwa na chumba cha kupangisha. Alikuwa amesimama pale kituoni tangu asubuhi.

"Kaka Shabani," akasema, "weye ulipita wapi? Mi nilifikiri umerudia Tanzania."

Villawood

Miezi saba ya kwanza nilibeba vigae katika ghala la Villawood. Mtaa ni wa viwanda, na ng'ambo yake kuna uzio mrefu ambako serikali inazuia watu wasio na ruhusa ya kukaa nchini. Mchana tulikula tumekaa kwenye mbao, tukiwaona akina mama wakishuka na mifuko ya vyakula kwenda kutembelea watu wao. Sikuwahi kumjua mtu mle ndani, lakini sikuwahi pia kumaliza chakula changu pale bila kutazama upande ule.

Nyumbani kwa Papa Espoir tuliishi vizuri. Yeye alikuwa ghalani kama mimi, mkewe Mama Espoir alitunza wazee majumbani mwao. Jumapili wao walikwenda kanisani na kurudi wakiimba, mimi nikabaki napika. Binti yao Espoir alikuwa na miaka kumi na tano, anaelewa kila neno la Kiswahili na hajibu hata moja. Nikimwambia nipe chumvi, naletewa chumvi pamoja na Kiingereza.

Mzee mmoja aliyetunzwa na Mama Espoir alikuwa na mtoto wake wa kiume, Anil, mtaalamu wa kupima hewa. Siku moja Anil alilalamika mbele yake kwamba kila msaidizi anayempata anaogopa ng'ombe. Mama Espoir akajibu, "Kwetu tuko na mutu. Ule ng'ombe iko ndugu yake." Ndivyo nilivyopata kazi.

Shambani

Shamba lilikuwa mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Ingleburn, kusini na magharibi, ambako mji unamalizikia. Zamani kote kule kulikuwa na ng'ombe wa maziwa. Sasa nyumba mpya zimefika mpaka kwenye seng'enge, paa za kijivu zimebanana, na shamba la Noreen limebaki peke yake kama jino la mwisho.

Noreen alikuwa mjane mwenye umri wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mikono ya fundi seremala. Alikuwa na ng'ombe mia moja na arobaini na msaidizi mmoja wa kukamua. Alikamua saa kumi alfajiri na saa tisa alasiri, na tangu aolewe hakuwahi kuruka mkamuo isipokuwa siku ya kumzika mumewe, na siku hiyo aliruka mmoja tu. Mimi nilimwita Bibi Noreen. Mwanzoni aliniambia yeye si bibi wa mtu, hana wajukuu. Nikamweleza kwetu ni heshima. Akasema sawa, lakini nisimwite hivyo mbele ya ng'ombe.

Shida yake ilikuwa hii. Watu wa nyumba mpya walikuwa wamepeleka malalamiko halmashauri kwamba hewa ya shamba inawadhuru. Halmashauri ikasema hewa ipimwe kwa miezi. Ikionekana ni mbaya kupita kiasi, kukamua kutakoma pale, na ng'ombe watauzwa. Ikionekana inastahimilika, atabaki. Tuliajiriwa kutafuta jibu hilo, na Noreen alitupokea kama mtu anavyompokea msimamizi wa mirathi.

Sasa kunusa. Hakuna aliyenusa. Tulikuwa na mwanga usioonekana uliopita kutoka nguzo moja hadi nyingine kando ya banda la kukamulia, na huo ulihesabu gesi inayotoka mdomoni kwa ng'ombe anapocheua. Tulikuwa na vibomba vidogo vilivyofungwa kwenye uzio wote kukamata amonia, ile harufu ya mkojo inayochoma macho. Na tulikuwa na karavani nyeupe, kinyumba cha kukokotwa na gari, iliyoegeshwa kati ya bwawa la mavi na nyumba za majirani. Juu yake kulikuwa na mlingoti, na ndani mashine iliyovuta hewa kupitia mlingoti huo na kuhesabu vumbi. Anil alisema vumbi, nami nikashika vumbi: kwato, majani makavu, unga wa chakula cha ng'ombe.

Kazi yangu ilikuwa kubadilisha vibomba, kusafisha mdomo wa mlingoti, kuandika upepo unatoka wapi na ng'ombe wako wapi, na kuhakikisha hakuna anayeharibu vipimo. Sheria nilizikariri: hakuna sigara karibu na karavani, hakuna kukata nyasi kwa mashine, hakuna gari linaloungurumishwa limesimama. Nilikuwa mkali kuliko Anil. Dereva wa lori la maziwa aliwahi kuwasha sigara hatua ishirini kutoka mlingotini, nikamfuata na kumsimamia mpaka akaizima.

"Wewe ni askari wa mavi," akaniambia.

"Ndiyo," nikamwambia. "Na leo umekamatwa."

Nilipapenda pale. Ukifumba macho, ng'ombe wananukia sawa popote duniani, na kuna asubuhi nilisahau kabisa niko wapi. Saa nne Noreen alinipa chai dirishani na kipande cha keki ya zabibu, bila kusema kitu. Aliposema, ilikuwa juu ya ng'ombe. "Namba sitini na mbili hataki kuingia upande wa kushoto. Mama yake alikuwa hivyo hivyo." Nikampikia maharage ya nazi siku moja, nikamletea kwenye bakuli. Akarudisha bakuli likiwa safi na barua fupi ndani: pilipili imezidi kidogo.

Ijumaa

Ijumaa Anil aliniruhusu niende msikitini na kurudi. Lakini utakwendaje msikitini ukinuka bwawa la mavi? Nilijaribu sabuni, nikajaribu marashi ya dukani. Mara ya kwanza mtu aliyeswali kando yangu alisogea safu ya nyuma, na simlaumu. Ndipo nikaukumbuka udi wa Mwanahawa.

Basi kila Ijumaa kabla ya saa sita nilioga kwenye bomba la nyuma ya banda, nikawasha kaa dogo kwenye bati la mkebe wa rangi nililoligeuza chetezo, nikaliweka kwenye kivuli cha karavani, nikatandika kanzu juu ya kiti kilichotoboka. Nusu saa ilitosha. Nikaenda msikitini nanukia kama bwana harusi.

Najua mnachofikiri, nami nawaapia haikunijia hata siku moja. Kwetu udi si moshi. Moshi ni wa jikoni, wa lori, wa sigara. Udi ni udi. Mtu akikukuta unafukiza nguo hakuulizi mbona unachoma, anakuuliza unakwenda wapi. Mimi niliyemfukuza dereva kwa sigara moja nilikaa chini ya mlingoti ule Ijumaa tisa, nikiwasha kaa na kunyunyiza udi, na nafsi yangu safi.

Jumatatu moja Anil alikuja na afisa wa halmashauri, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa matope. Tukakaa jikoni kwa Noreen. Anil akafungua kompyuta na kumwonyesha Noreen mstari unaotambaa chini chini siku nzima, siku baada ya siku, kisha ghafla unapanda nundu.

"Hapa," akasema. "Na hapa, na hapa. Ni moshi, si vumbi la kwato. Kila Ijumaa, saa tano na nusu mpaka saa sita. Noreen, unachoma nini Ijumaa?"

"Sichomi kitu."

"Plastiki za kufungia majani ya ng'ombe?" akauliza yule afisa. "Wengine huchoma. Majirani wawili wameandika kwamba wanaona moshi upande wa bwawa."

"Mume wangu alitaka kuzichoma mwaka fulani, nikamkataza. Zinachukuliwa na lori. Uliza lori."

"Vipimo haviongopi," akasema afisa, kwa upole ule ule. "Kuchoma plastiki karibu na makazi ni jambo zito. Likithibitika, sidhani kama tutahitaji kusubiri vipimo vya amonia."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilitazama zile nundu, nikatazama saa zilizoandikwa chini yake, nikaiona kanzu yangu juu ya kiti. Nilipaswa kusema pale pale. Sikusema. Niliweka kikombe mezani, nikasema nakwenda kubadilisha vibomba.

Nyumbani nikawaeleza Papa Espoir na mkewe. Papa Espoir alicheka mpaka akalia, kisha akaona mimi sicheki.

"Sikia, kaka. Acha kuchoma, basi. Ile mashine haina mudomo, na weye funga ya kwako. Bon, mambo inaisha."

"Na ule mama ya ng'ombe?" akauliza Mama Espoir. "Yeye mambo yake inaisha namna gani?"

"Chérie, huyu atapoteza kazi."

"Mi sikuuliza kazi. Nimeuliza ule mama."

Nilimfuata Papa Espoir, kwa sababu ushauri wake ulikuwa mwepesi. Ijumaa iliyofuata sikuwasha kitu. Nilikwenda msikitini na harufu yangu. Jumatatu Anil akafungua mstari wake, nao ulikuwa umelala chali wiki nzima.

"Umeona?" akaniambia. "Tumemwuliza tu, ameacha. Inasikitisha. Nilikuwa nimeanza kumwamini."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilidhani nimenyamaza. Kumbe nilikuwa nimetoa ushahidi.

Nikamwambia Anil azime kompyuta, nikamwambia yote. Hakukasirika mara moja. Aliuliza kama bado ninao ule udi. Jumanne saa nne asubuhi tukawasha bati pale pale mahali pake, yeye amekaa ndani ya karavani anatazama, na nundu ikapanda, ndugu mmoja na zile nyingine. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akanusa hewa.

"Inanukia vizuri," akasema. "Mungu anisaidie. Nitaandikaje kitu hiki kwenye ripoti?"

Mlango kwa mlango

Kwa Noreen nilikwenda peke yangu. Alikuwa anaosha ndoo. Nikamwambia nimekuja kukiri, nikamwonyesha kopo. Akalishika kwa mikono iliyolowa, akalinusa muda mrefu.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, Bibi Noreen."

"Ulikuwepo jikoni kwangu. Ulikuwa unakula keki yangu."

Akanirudishia kopo, akaendelea na ndoo. Wiki mbili hakunisemesha. Chai haikuja dirishani, na ilikuwa haki yake.

Anil alifuta zile Ijumaa zote na kueleza sababu. Halmashauri ikasema tuhuma ya plastiki imeondolewa, lakini vipimo vilivyokaribiwa na moto wa mpimaji mwenyewe haviaminiki, vyote vianze upya. Miezi mitano ilitupwa. Kwa Noreen maana yake ilikuwa miezi mitano mingine ya kutojua kama ana ng'ombe au hana. Nilitegemea nitafukuzwa. Anil akasema angenifukuza, ila sasa mimi ndiye mtu pekee katika nchi ile ambaye hatarudia kosa hilo.

Wiki ya tatu Noreen alinijia karavanini akiwa amevaa koti lake la kwenda mjini.

"Panda gari," akasema. "Mtaa mzima unaamini nachoma plastiki. Yule wa nyumba ya kona hanisalimii. Barua ya halmashauri hawataisoma. Utawaambia wewe, kwa mdomo wako, na mimi nikiwa nimesimama hapo."

Tukaenda nyumba kumi na nne. Yeye alibonyeza kengele, mimi nikasema. Mwanzoni nilieleza vibaya. Mtu wa nyumba ya pili alielewa kwamba nauza manukato, akasema hahitaji, akafunga mlango. Noreen akabonyeza tena. "Hauzi," akamwambia. "Anaungama." Nyumba ya tano alifungua bibi mmoja wa Kilebanoni mwenye fagio mkononi. Nilipofika kwenye kaa na kanzu, alinizuia kwa mkono, akaenda ndani, akarudi na chetezo cha shaba kizuri kuliko changu chochote. Alimwita mwanawe kutoka ndani kumwambia kwamba huu ndio ule moshi, ni bukhuri, na amekuwa akimwambia tangu zamani kuwa si plastiki na hakuna anayemsikiliza. Akatulazimisha tukae. Noreen alikula baklava tatu, zile keki zao za asali, kofia yake magotini, na wakazungumza juu ya viwiko vinavyouma.

Nyumba ya kona nilikuwa naiogopa. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye nguo nyingi kwenye kamba, na barua ya kwanza ya malalamiko ilikuwa yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja.

"Kwa hiyo harufu ya Ijumaa ilikuwa wewe?"

"Ndiyo."

"Hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee niliyoweza kuanika mashuka."

Noreen alitoa sauti ambayo nilidhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Yule mwanamke naye akacheka, kidogo, bila kupenda. Kisha akasema, "Lakini hizo siku nyingine sita, Noreen, siwezi kufungua dirisha. Hilo si uongo."

"Najua si uongo," akasema Noreen. "Ninaishi humo."

Kesho yake saa nne chai ilikuwa dirishani. Keki haikuwepo. Keki ilirudi baada ya mwezi.

Kuondoka

Vipimo vya pili vilichukua kiangazi kizima na sehemu ya vuli yao. Nilivifanya kwa uangalifu ambao sijawahi kuufanyia kitu kingine. Ijumaa nilikwenda msikitini nilivyo, nikisimama mwisho wa safu karibu na mlango. Tulichokipata hakikuwa cha kupendeza wala cha kutisha. Ng'ombe wenyewe hawakuwa tatizo la majirani. Tatizo lilikuwa bwawa, hasa siku ambazo Noreen alilikoroga upepo ukitoka magharibi. Siku hizo vibomba vya upande wa nyumba vilijaa amonia. Anil aliandika hivyo, akapendekeza bwawa lifunikwe na kukoroga kufuate upepo. Uamuzi ulikuwa wa halmashauri, nayo haikuwa na haraka.

Karavani ikaondolewa, pakabaki mstatili wa nyasi za manjano. Anil alikuwa na shamba lingine la kupima, mbali, katika jimbo la kusini. Aliniambia twende. Nilimwambia nitafikiri, lakini jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimekaa karibu miaka miwili, na kwa miezi kadhaa nilikuwa naamka nikisikia wachuuzi wa Ngamiani. Mtu kama mimi anapoanza kusikia hivyo, hata akibaki ameshaondoka.

Siku ya safari Papa Espoir alitaka kunipeleka uwanja wa ndege, lakini saa nne lori dogo la Noreen likasimama mbele ya nyumba. Hakuwa amewahi kufika Ingleburn kwangu. Mama Espoir akampa chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, na Espoir akaniaga kwa Kiswahili, maneno mawili, "Safari njema," akakimbilia ndani kabla sijamjibu.

Tukaingia barabara kuu. Kwenye kioo cha mbele palikuwa na bahasha yenye nembo ya halmashauri, haijafunguliwa.

"Ilikuja lini?" nikauliza.

"Juzi."

"Mbona hujafungua?"

"Sina miwani hapa."

Miwani yake ilikuwa kichwani. Nikaichukua bahasha, nikaifungua kwa ufunguo wa begi.

Kurasa zilikuwa tatu, na waliopata kuandikiwa na halmashauri wanajua kwamba jibu haliko ukurasa wa kwanza. Nilisoma kwa sauti. Nikasoma namba ya kiwanja, sheria, tarehe za malalamiko. Nikafika kwenye vipimo, nikaona vibomba vyangu vimeandikwa kwa namba, kile cha tano ambacho buibui alikuwa akikipenda, kile cha tisa cha nyumba ya kona. Noreen aliendesha macho mbele. Ukurasa wa pili ulizungumzia bwawa. Nikasoma kwamba lifunikwe kabla ya kiangazi kijacho, na kwamba lisikorogwe upepo ukielekea kwenye nyumba.

"Anayefunga shughuli haambiwi afunike bwawa," akasema polepole. "Endelea."

Nikageuza. Ukurasa wa tatu ulikuwa na sentensi moja ndefu, na nilipita ndani yake kama mtu anayetafuta mlango gizani, mpaka nikafika kwenye maneno yenyewe: kwa masharti yaliyotajwa, shughuli ya kukamua inaruhusiwa kuendelea.

"Rudia."

Nikarudia. Alipunguza mwendo, magari yakaanza kutupita yakipiga honi, naye hakuyajali. Baadaye akasema, "Mia moja na arobaini?"

"Hawajataja kupunguza."

Akavuta pumzi, akaitoa. Tukafika uwanja wa ndege. Alisimama mahali pa kushushia abiria, ambapo huruhusiwi kukaa, na hakuzima gari. Nilishusha begi langu, nikazunguka upande wake, akanipa mkono kupitia dirishani. Nikataka kumwomba radhi tena kwa miezi ile mitano, na aliona ninavyofungua mdomo.

"Hapana," akasema. "Siwezi kukaa, Shab. Saa tisa nakamua."

"Na kesho?"

"Na kesho," akasema, akavuta miwani kutoka kichwani, akaivaa, na kuondoa gari.